Vinyonga wa Mwalimu Cicily

Kanyakine nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumshika kinyonga kwa mkono mtupu. Mtu huyo alikuwa mwanamke, tena mwalimu wa darasa la tatu, tena mwimbaji wa kwaya ya akina mama kanisani. Kwa ualimu na kwa kwaya watu walimheshimu. Kwa vinyonga walimsema, na wengine walipokutana naye njiani walimtazama viganja kwanza ndipo wampe mkono.

Jina lake Cicily Kathure. Alianza kazi mwaka ule bendera ya Mwingereza iliposhushwa, akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, akastaafu mwaka wa tisini na tano. Hapo katikati alizaa watoto wanne, akapanda mibuni mia tatu na mumewe Mbae, akamzika mama mkwe aliyemsumbua mpaka siku ya mwisho, na akagombana na kijiji kizima miaka thelathini na miwili kwa sababu ya mnyama ambaye hata mtoto anayetambaa anaweza kumshinda mbio.

Huku Imenti kinyonga hakuwa mchezo. Mama mjamzito akimwona njiani alirudi nyumbani, safari ikaishia hapo. Ilisemekana akikushika ngozi habanduki mpaka ngurumo ipige, na kama ni kiangazi, basi utakaa naye. Wanaume waliolala msituni miaka ya hali ya hatari wakipigana na Mwingereza, fisi wakiwanusa miguu, walivuka barabara wakimwona kwenye ua. Na kwa kuwa mtu hapendi kuogopa peke yake, watoto walifundishwa namna ya kumuua: unachovya ncha ya kijiti kwenye tumbaku, unamtia mdomoni, kisha unasimama mbali umtazame anavyogeuka mweusi.

Kijiti hicho ndicho kilichoanzisha yote. Mwaka wake wa kwanza wa ualimu, wakati wa mapumziko, Cicily alikuta wanafunzi wamefanya duara kando ya ua wa kayaba, ule wa miiba uliozunguka shule. Katikati alikuwapo kinyonga jike, hana pembe, tumbo limemjaa. Tumbaku ilikuwa imeshafanya kazi yake. Pale pale chini, mama akifa, watoto walianza kutoka, na hayakuwa mayai. Walikuwa vinyonga kamili, kila mmoja ndani ya utando mwembamba kama ule wa kitunguu, wakiupasua na kuanza kutembea, hawazidi njiti mbili za kiberiti kwa urefu. Wanafunzi walikimbia wakipiga mayowe. Cicily hakukimbia, na si kwamba alikuwa shujaa, ni kwamba walikuwa wameshamfikia miguuni. Mmoja alipanda kiatu chake, akapanda soksi, akashika kidole alichomnyooshea.

"Nilidanganywa," alimwambia Mbae jioni ile, na sauti yake ilikuwa ya hasira kuliko ya huruma. "Miaka yote hii naogopa kitu ambacho hata kucha zake hazinikwaruzi."

Tangu hapo kila darasa la tatu lilipata somo ambalo halikuwa kwenye silabasi. Alianza na kumtambua, kwa sababu, alisema, humwogopi mtu unayemjua kwa jina. Dume ana pembe tatu usoni, moja juu ya pua na mbili juu ya macho, kama fahali aliyezidishiwa. Jike wa huku kwetu kwa kawaida hana. Macho huzunguka kila moja kivyake, moja likimtazama nzi na lingine likikutazama wewe, na huo si uchawi, ni uangalifu. Ulimi wake ni mrefu kuliko kiwiliwili chake. Hageuki rangi ili kukucheka. Akiwa mweusi ana baridi, au ana hofu, au anaumwa. Na kinyonga wa aina hii hatagi, jike anazaa, kama mama zenu.

Kisha alifundisha kumsaidia. Ukimkuta barabarani usimvute, maana vidole vyake vimefungamana mafungu mawili na hushika kama koleo, ukimvuta utamvunja. Mwekee kijiti mbele, atapanda mwenyewe, hana haraka na wewe usiwe nayo. Mpeleke upande aliokuwa akielekea, si upande unaoutaka wewe. Ukikata ua, kata nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao. Usinyunyize dawa kwenye ua, yeye mwenyewe ndiye dawa, anakula panzi na viwavi bure. Na usimwekee maji kwenye kisahani, kwa sababu yeye hayatambui maji yaliyotulia. Anakunywa matone juu ya majani, umande na mvua. Atakufa kwa kiu na kisahani kimejaa mbele yake.

Mbae alisikiliza mambo hayo mezani miaka nenda miaka rudi, na hakuwahi kumgusa kinyonga hata mmoja. "Mwalimu, mimi nakupenda," alikuwa akisema, "lakini hao watoto wako wenye miguu mitano wasivuke mlango wangu." Mguu wa tano ulikuwa mkia.

Lakini somo lilishika. Watoto wa mwanzo walizaa watoto wao, wakawaleta kwake darasa la tatu, na kufikia miaka ya themanini hapakuwa na kijiti cha tumbaku Kanyakine nzima. Siku moja wasichana watatu walisimamisha lori la ndizi barabarani, dereva akapiga honi mpaka akachoka, mpaka kinyonga mmoja alipomaliza kuvuka kwa mwendo wake wa kuyumba. Dereva alitukana. Cicily aliposimuliwa alikwenda chumbani kwake akalia kidogo, kwa furaha, akarudi kupika.

Kinoti alikuwa mmoja wa wanafunzi hao wa zamani. Alikuwa wa kwanza kabisa darasani kukubali kinyonga apande mkono wake, miaka ya sabini, akiwa amefumba macho na kuuma meno. Cicily hakumsahau kwa hilo. Mwaka mmoja baada ya yeye kustaafu, Kinoti alirudi kijijini na pikapu, miwani, na begi la ngozi, akamkuta Mwalimu akichambua maharagwe uani.

"Mwalimu, nimetumwa na chuo kikuu," alisema. "Tunafanya utafiti wa vinyonga wa mlima huu wetu. Nikawaambia, kuna mtu mmoja tu Kenya hii anayewajua vizuri, na ndiye aliyenifundisha kusoma."

Hapa inafaa nimseme Mwalimu kidogo, ingawa nampenda. Mwaka mzima tangu astaafu hakuna aliyemuuliza kitu. Mwalimu mpya wa darasa la tatu alikuwa amelifuta somo. Mtu aliyezoea kuulizwa maswali arobaini kwa siku, akinyamaziwa, hukauka. Kinoti alikaa kwenye kigoda na kufungua daftari, akauliza swali la kwanza, akangoja jibu. Cicily aliacha maharagwe.

Alimpa kila kitu. Ua upi una majike wenye mimba na mwezi gani. Bonde lipi lina madume wakubwa. Na alimpa jambo ambalo kwa miaka yote hakumwambia mtoto yeyote, wala Mbae: kwamba kinyonga akilala hupauka, na ukimmulika kwa tochi anaonekana kwenye majani kama kipande cha karatasi. Mchana utatafuta saa nzima upate wawili. Kwa tochi, hata mtu asiyejua lolote anajaza ndoo. Hili hakulifundisha kwa sababu alilijua ni ufunguo, na ufunguo haupewi kila mtu. Alimpa Kinoti kwa sababu Kinoti hakuwa kila mtu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, alisimama naye mbele. Huku kwetu mgeni akisimamishwa wakati wa matangazo na mtu mwenye jina, basi amepewa kijiji. Hakuna atakayemuuliza kitambulisho. "Huyu ni mtoto wetu," Cicily alisema. "Anahesabu vinyonga ili serikali iwalinde. Msaidieni kama mnavyonisaidia mimi." Maneno hayo hayo aliyaandika kwenye barua ya kumtambulisha kwa chifu, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akatia sahihi.

Kijiji kikasaidia. Watoto ambao Mwalimu aliwaondolea hofu waliwabeba vinyonga kwa vijiti, polepole, bila kuwavuta, kama walivyofundishwa. Wazazi nao wakaingia. Majuma matatu pikapu ilipanda na kushuka. Cicily alipopita kwenye ua wa shule asubuhi moja, akatazama na asione hata mmoja, akatazama tena, alikwenda kumuuliza.

"Tunawatia alama, Mwalimu, halafu tunawarudisha juu, karibu na msitu, wapumzike," Kinoti alisema. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, na yote aliyasema kwa heshima.

Usiku huo Mbae aligeuka kitandani. "Mama Karimi," alisema, kwa jina la binti yao wa kwanza, ambalo alilitumia tu akiwa hana mzaha, "mtu wa kuhesabu mbuzi habebi mbuzi."

Cicily alimjibu mumewe kwamba alianza kwa kumwogopa kinyonga na sasa anamwogopa mtu. Walilala wamepeana mgongo. Siku iliyofuata pikapu haikuonekana, wala iliyofuata.

Habari zililetwa na chifu mwenyewe, kwa miguu. Polisi waliokuwa na kizuizi barabarani kabla ya kuingia Embu walisimamisha pikapu iliyobeba ndizi, wakashangaa kusikia ndizi zikikwaruza mbao. Chini ya mikungu palikuwa na masanduku. Ndani ya masanduku palikuwa na vinyonga, na kwenye begi la ngozi la dereva, Kinoti mwenyewe, palikuwa na karatasi za kuwapeleka ng'ambo, kwa watu wanaowafuga ndani ya vioo. Palikuwa pia na barua ya Mwalimu Cicily Kathure. Mahakama ilimtaka kesho.

Jirani yake Nelius, aliyeimba naye kwaya miaka ishirini, alikuwa amesimama kwenye lango akisikia yote. Cicily alimgeukia kwa kuwa alihitaji uso wa rafiki.

"Umesikia alivyonifanyia?"

Nelius aliinama akaangalia kanga yake mwenyewe. "Mwalimu, sisi tulijua ni biashara. Alikuwa akiwapa watoto kitu kidogo, na sisi wakubwa pia. Kila mtu alijua."

"Mimi sikujua."

"Sasa sisi tungejuaje hujui? Ulimsimamisha kanisani. Tulidhani hiyo ndiyo pensheni yako."

Alisema bila ubaya wowote, na hapo ndipo palipouma. Kijiji hakikumwona kama mtu aliyetapeliwa. Kilimwona kama mtu aliyechuma, na hakikumlaumu. Miaka thelathini na miwili aliamini amewafundisha kupenda, kumbe walijifunza tu kutoogopa, na hayo ni mambo mawili. Cicily aliingia ndani akaanza kupiga pasi nguo ya kwenda Embu, akaipiga pasi mara mbili.

Walikwenda yeye na Mbae. Masanduku yalikuwa yamepangwa kwenye ua wa nyuma wa mahakama, kivulini, na afisa wa wanyamapori aitwaye Kiambi alikuwa amechuchumaa karibu nayo na uso wa mtu asiyejua aanzie wapi. Alikuwa mtu wa tembo na faru. Mambo ya kinyonga hakuwahi kufundishwa.

"Mama, wewe ndio Mwalimu? Hawa wamekataa kunywa," alisema. "Nimewawekea maji tangu jana."

Cicily alitazama. Katika kila sanduku palikuwa na kisahani cha plastiki, na maji yamejaa. Visahani viwili tu, Kiambi alimwonyesha, ndivyo alivyoweka yeye, ambaye hakujua. Vingine vyote vilikuja na masanduku. Vilikuwa vya Kinoti, aliyekaa dawati la pili miaka ya sabini na kunyoosha mkono kwanza alipoulizwa kinyonga anakunywaje. Alijua. Aliweka visahani ili mtu akifungua aone vinyonga wanatunzwa. Kuzunguka visahani hivyo walikuwa wamelala mmoja juu ya mwingine, weusi, macho yamezama, mikia imelegea. Majike waliokuwa na mimba walikuwa wamezaa humo humo, na watoto walikuwa wamekanyagwa.

Aliomba matawi mabichi na chupa ya maji. Aliyapanga matawi juu ya masanduku akachovya vidole na kunyunyiza, kama mtu anayenyunyiza nguo kabla ya pasi. Muda mrefu hakuna lililotokea. Kisha dume mmoja mwenye pembe tatu, moja imevunjika, alinyanyua kichwa hadi kwenye tone lililokuwa likining'inia, akafungua mdomo. Akanywa. Akangoja tone lingine. Mbae, mtu ambaye hakuwahi kumkaribia kinyonga, alichukua chupa ya pili bila kuambiwa, akaanza sanduku la mwisho.

Walipomaliza kuhesabu, mia mbili na kumi na wanne, waliokuwa hai walikuwa sitini na mmoja.

Kinoti aliletwa uani kabla ya kesi, askari mmoja kila upande, miwani yake bado usoni. Cicily alimsogelea. Alikuwa amefikiria maneno mengi njiani, sasa likabaki swali moja.

"Kwa nini mimi?" aliuliza. "Si ungewaiba tu? Kwa nini ulikuja kunikalia kwenye kigoda?"

Kinoti alifikiri kwanza. Alikuwa na adabu hata hapo. "Mwalimu, watu wangeniona mwizi," alisema. "Na wewe ungenikatalia kama ningekwambia ukweli. Lakini sikukudanganya yote. Niliwaambia kweli walionituma kwamba hakuna anayewajua vinyonga kama wewe."

Mbae alisema kwa sauti, ili askari wasikie, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Cicily alimshika mkono wa koti akamnyamazisha. Hasira yake ilikuwa imempita Kinoti na kuendelea mbele, na mtu aliyeikuta hapo mbele alikuwa yeye mwenyewe, amekaa uani mwezi uliopita, akiongea, akifurahia kuandikwa.

Ndani ya mahakama barua ilisomwa. Ilisomwa yote, mpaka sahihi. "Msaidieni kama mnavyonisaidia mimi." Hakimu aliuliza kama mwandiko ni wake. Alisema ndiyo. Aliulizwa kama alijua. Alisema hapana, na akaona kwenye uso wa karani kwamba karani amesikia hapana nyingi maishani mwake. Alipotakiwa aeleze wanyama hao ni wa aina gani, alieleza, dume na jike, pembe na mimba, kwa sauti yake ya darasani, na chumba kizima kilisikiliza vizuri sana. Ilimchukiza jinsi walivyosikiliza. Kinoti alitozwa faini, ikalipwa siku hiyo hiyo na mtu aliyekuja na gari kutoka Nairobi, akatoka kwa mlango wa mbele. Hakimu aliamuru vinyonga walio hai warudishwe mwituni.

Kwa hiyo walipanda gari la Kiambi kurudi Meru, Cicily mbele, Mbae nyuma na masanduku, chupa ya maji magotini. Baada ya Chuka Kiambi aliuliza kile ambacho lazima aulize.

"Sasa Mwalimu, hawa tuwaweke wapi? Wewe ndio unajua mahali wataishi."

Alijua. Kulikuwa na ukingo wa msitu, juu ya mashamba ya chai, wenye vichaka vya kutosha na umande mwaka mzima. Kulikuwa na sehemu nyingine mbili, tatu. Hakuzitaja hizo, alitaja mbili zisizofaa na sababu zake, ili Kiambi asikosee. Alimweleza aina ya vichaka, urefu, kivuli kiasi gani, na kwamba asiwamwage mahali pamoja bali awasambaze, kila mmoja kwenye tawi lake, na awangoje washike wenyewe.

"Sehemu za namna hiyo ziko nyingi kati ya hapa na Meru," alisema. "Chagua wewe. Na ukishachagua, usinionyeshe."

Kiambi alimtazama. "Hutaki hata kujua wamefika?"

"Nikijua, siku moja mtu ataniuliza vizuri. Nitamwambia."

Gari lilisimama njia panda ya Kanyakine wakashuka. Mbae alisita kidogo kabla ya kuachia chupa, akampa Kiambi na kumwagiza mambo ya matone kana kwamba ni yeye aliyeyagundua. Kisha gari lilipanda na kupotea kwenye kona. Cicily alikuwa ameligeuzia mgongo, asione limeshika njia gani.

Watoto walikuwa wamesikia. Walikuja wakikimbia kutoka shuleni, zaidi ya kumi, wengine wa somo la mwisho alilofundisha, kila mmoja na kijiti chake mkononi, tayari kusaidia. Hawakuwa na hatia yoyote wao, ila ile aliyowapa yeye. Mbele alikuwa Gacheri, mjukuu wa Nelius, wa darasa la nne.

"Mwalimu, wako wapi?"

"Sijui."

Walimngoja aendelee, kwa kuwa Mwalimu hakuwahi kuwajibu hivyo. Gacheri akauliza tena, kwa upole, kama anayemsaidia mtu mzima aliyesahau.

"Hata sisi hutuambii?"

"Hata nyinyi," alisema Cicily, akashika mkono wa Mbae, wakapita katikati yao.